Taa ya Katikati

Mtu anaweza kujifanya hajui kusoma. Anaweza kujifanya hajui kuogelea, hata akajifanya hajui kupenda, na watu wakamwamini. Lakini hawezi kujifanya hajui kulehemu mbele ya mtu aliyejifunza naye. Mkono una ukoo wake. Uliolelewa na mwalimu mmoja hauwezi kumkana.

Ndivyo Cheche alivyomtambua, kabla hata hajauona uso wake.

Ilikuwa Jumamosi ya kuelekea sikukuu. Kila mwaka siku hiyo, karakana ya redio na televisheni ya baba yake haikupokea wateja, ilipokea wanafunzi. Watu ambao hawajawahi kushika chuma cha kulehemu walikaa kwenye meza ndefu, kila mmoja akapewa bodi ya kijani yenye umbo la nyota, taa sita ndogo kama punje, rezista zake za kupunguza umeme, swichi, na betri bapa kama kifungo cha koti. Taa tano zilikaa kwenye ncha za nyota. Ya sita, nyekundu, ilikaa katikati. Mchana kila mtu aliondoka na nyota yake ya kuning'iniza dirishani, na vidole viwili vitatu vya kupuliza.

"Mwalimu," alisema fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama mwingi wa maneno, "sindano yenu hii inachoma. Yangu inadunga tu."

"Shika kwenye mpini, Mama, sio kwenye chuma," Cheche alimwambia.

"Nimeshika kwenye mpini. Mpini ndio umeniacha ukaondoka."

Dereva wa teksi aliyekaa mbele yake akacheka mpaka risasi ya kulehemia ikamdondokea kwenye gazeti. Muuguzi mstaafu, aliyekuwa akilehemu kwa utulivu kama anashona kidonda, akasema bila kugeuka, "Pulizia kidole, dada. Ukimaliza, mdomo ubaki hivyo hivyo umefungwa."

Cheche alicheka nao, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Alasiri ya siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kuchukua jibu la posa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amemposa, na hakuwa mtu wa kusemwa vibaya: mpole, halewi, anasalimia mpaka watoto. Lilikuwepo jambo moja tu. Alikuwa amesema, kwa upole wake huo huo, kwamba mke wake hatashinda kwenye moshi wa risasi, na kwamba karakana ikifungwa itafaa sana kuwa stoo ya saruji. Baba hakupinga. Shangazi, dada yake Baba, aliyemlea Cheche tangu mama yake afariki, alikuwa ameshafua vitambaa vyote vya viti.

Cheche hakuwa amesema ndiyo, wala hapana. Hapana ingemlazimu kueleza kwa nini anataka kubaki kwenye meza ile, na sababu mojawapo ilikuwa neno ambalo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba yao. Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa unatetemeka. Shangazi alimjazia kikombe nusu, akasema chai imepungua. Kila siku Cheche aliamka mapema, akavirudia viungo alivyolehemu Baba jana yake, akafunika redio kama zilivyokuwa. Kila mtu aliona, kila mtu alitazama pembeni.

Basi alikuwa akipita nyuma ya wanafunzi, akikagua, mpaka akafika kwa yule wa mwisho. Mtu mrefu, mwenye kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, aliyeingia amechelewa akaomba radhi kwa kichwa tu. Alikuwa amemaliza kiungo chake cha kwanza. Akaifuta ncha ya chuma kwenye sponji lenye maji, akaigusisha risasi kidogo mpaka ikang'aa kama jicho, ndipo akakilaza chuma kwenye kibao chake.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi hivyo. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hukitupa chuma kama mtu aliyeumwa na mjusi. Kulisha ncha kabla ya kuilaza ilikuwa sheria ya Baba, aliyowaimbia wanafunzi wake asubuhi na jioni: chuma kikilala na njaa, kesho kitakukatalia kazi.

Miguu ya Cheche ikasimama yenyewe.

"Mwalimu," alisema yule mtu, kichwa chini, "mguu mrefu wa taa unaingia tundu lipi?"

Sauti ile. Ilikuwa imeongezeka uzito, kama redio iliyohamishiwa kwenye sanduku kubwa. Lakini kituo kilikuwa kile kile.

"Unajua vizuri unapoingia," Cheche alimjibu kwa sauti ya chini.

"Nimesahau."

"Ungesahau, usingelisha ncha."

Yule mtu akakitazama chuma kilicholala kwenye kibao, akakitabasamia kama mtu anavyomtabasamia rafiki aliyetoboa siri. Kisha akavua kofia.

Twiga.

Jina hilo alipewa na Baba, kwa sababu ili aifikie meza ilimbidi ainamishe shingo. "Twiga, shusha kichwa," Baba alikuwa akisema, "juu huko hakuna redio ya kutengeneza." Walikuwa watatu tu kwenye karakana enzi hizo. Redio moja iliyopona ikiwaimbia, redio nyingine kumi zikisubiri zamu. Moshi wa risasi ukipanda na harufu yake ya utomvu unaoungua, harufu ambayo mpaka leo Cheche akiinusa hujikuta ana miaka kumi na saba, ana nywele zilizofungwa kwa waya wa rangi, na ana mtu upande wa kushoto anayemsogezea koleo kabla hajaliomba.

Hawakuwahi kuambiana neno. Hapakuwa na haja. Mtu akikusogezea koleo kabla hujaliomba, akakuachia kiti cha karibu na dirisha, akakumenyea waya kwa sababu kucha zako zimekatika, unataka akuandikie barua ya nini?

Kilichowafichua ni taa ya katikati.

Taa zile tano za pembeni unazipinda miguu nyuma ya bodi, zinajishikilia. Lakini Baba alikataa taa ya katikati ipindwe miguu. Hiyo ni moyo wa nyota, alisema, lazima isimame wima. Kwa hiyo ilishikwa na mtu. Mmoja anaikandamiza taa kwa kidole upande wa mbele, mwingine analehemu upande wa nyuma. Joto husafiri kwenye mguu wa taa mpaka kwenye kidole cha mshikaji, hivyo mlehemuji lazima awe mwepesi na macho yake yasitoke kwenye kiungo.

Jioni moja ya kuelekea sikukuu Cheche alimshikia Twiga. Na Twiga, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote waliowahi kupita pale, aliinua macho. Akamtazama. Chuma kikabaki kwenye kiungo, na kikabaki, na moto ukashuka kwenye mguu wa taa ukaingia kwenye kidole cha Cheche. Aliusikia wote. Hakutoa kidole, hakusema hata "ah". Angekitoa, taa ingelala upande na nyota ya Twiga ingeharibika.

Baba alikuwa kwenye stuli yake. Aliona macho ya mmoja, aliona kidole cha mwingine, akajumlisha mwenyewe. Alimwita binti yake, akakitazama kile kidole kilichotoka lengelenge, akasema tu, "Kaweke maji." Asubuhi yake stuli ya Twiga ilikuwa tupu. Baba alisema, "Nimemaliza kumfundisha," na mlango wa mazungumzo ukafungwa kwa komeo.

Sasa huyu hapa. Ndevu mbili tatu nyeupe kidevuni, mikono ile ile.

Cheche alichukua lenzi, akaiinamia bodi yake kana kwamba anakagua viungo.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kujifunza kulehemu," alijibu, akiendelea na taa za pembeni.

"Twiga."

"Nimesikia leo wanakuja kuchukua jibu."

"Nani kakwambia?"

Twiga akatupa jicho upande wa fundi cherehani, ambaye ghafla aliona jambo la maana sana kwenye dari.

"Kwa hiyo ukaja kwa kujificha kwenye kofia," Cheche alisema.

"Ningepita mlango wa mbele, Shangazi angenimwagia maji ya moto. Nikaona nije kama mwanafunzi. Mwanafunzi hafukuzwi mpaka nyota yake iwake. Ni sheria ya nyumba, sikuitunga mimi."

"Nyumba ina sheria nyingine. Mtu akiondoka anaaga."

Twiga alimaliza taa ya tano. Kisha akaizungusha ile nyekundu kati ya vidole vyake.

"Niliogopa nikikuaga sitaweza kuondoka."

"Hilo neno zuri," Cheche alisema. "Zuri sana. Lingefika wakati ule ningelilalia kama mto. Unajua nilikaa nikisikiliza mlango mpaka lini? Nilijua mteja anayeburuta viatu, nilijua mwenye fimbo, nilijua postamasta. Miguu yako tu ndiyo sikuisikia. Leo unaniletea neno lililolala nje miaka yote hiyo, nilifanyie nini?"

"Nilikuwa na kiburi, Cheche. Baba yako aliniambia nitoke, nikatoka kichwa juu. Nikaapa nitarudi nikiwa mtu. Nikawa mtu. Natengeneza mashine za hospitali, watu wananiita mhandisi. Kila nilipotaka kurudi nikaona bado, niongeze kidogo. Kiburi hakishibi."

"Sasa kimeshiba?"

"Kimesikia unaolewa. Kimekufa kwa mshtuko."

Cheche aliuma mdomo ili asicheke, na kwa kuuma akajua yuko hatarini.

Mlango wa ndani ukafunguka. Shangazi akaingia na sinia la chai, akahesabu vichwa ili agawe vikombe, na alipofika kichwa cha mwisho sinia likagongana na meza.

"Haya," alisema. "Siku zote za mwaka umezikosa, ukaiona ya leo."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba yako itafuata baadaye, bado naitafuta. Wewe kijana, mtoto huyu ana wageni. Watu wazima, wamekuja kwa adabu, wametanguliza wazee. Wewe umetanguliza nini? Kofia?"

"Shangazi, wanafunzi," Cheche alimnong'oneza.

"Wanafunzi wana masikio, acha wajifunze na hili." Akamgeukia tena Twiga, na sauti ikashuka, ikawa na maumivu ndani yake. "Mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza huyu ale. Wewe hukuwepo. Usinifanye nianze tena, nimezeeka."

Hata dereva wa teksi, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasumbuana na taa aliyoiweka kichwa chini miguu juu, aliiweka bodi chini.

Ndipo Baba akaingia.

Alisimama mlangoni, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti kama kawaida yake siku hizi. Alimtazama Twiga, kisha bodi iliyo mbele yake, na akaanza na bodi.

"Viungo vyako vimekaa vizuri."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ya katikati bado?"

"Bado, Mzee. Sina mshikaji."

Wanafunzi wengine walikuwa wameshagawana wawili wawili. Shangazi alimtazama Cheche kwa jicho lililosema usithubutu. Baba akavuta stuli, akaketi mbele ya Twiga, na mkono ukatoka mfukoni.

"Nitakushikia mimi."

Akaichukua taa nyekundu. Miguu yake miwili myembamba ikatafuta matundu, ikayakosa, ikatafuta tena. Ilipoingia, Baba akaweka kidole juu yake, na bodi yote ikaanza kutetemeka kama jani lenye mdudu chini yake. Cheche alitaka kutazama dari pamoja na fundi cherehani. Hakuweza.

Twiga alichukua chuma. Akakisogeza mpaka karibu na kiungo. Akasubiri. Risasi ikitikiswa inapopoa hutoka kiungo kibovu, kinachoonekana kizima kwa juu na ndani ni hewa tupu. Angeweza kulehemu hivyo hivyo, akamshukuru mzee na kusifu mkono wake, na pengine kwa heshima hiyo akasamehewa mengi.

Akaifuta ncha, akailisha, akakilaza chuma.

"Siwezi, Mzee."

"Huwezi nini?"

"Mkono wako unatetemeka. Nitakuunguza, na kiungo kitakufa."

Kikombe kilianguka mahali fulani. Shangazi akasema, "Ewe," kwa sauti ya mtu aliyechomwa. Baba hakusogea. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe juu ya meza, kama mgeni aliyekaa siku nyingi bila kutambulishwa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Cheche aliona kwamba akinyamaza safari hii, atanyamaza mpaka alasiri, na alasiri atanyamaza mbele ya wageni, na watu watauchukua ukimya wake waondoke nao wakidhani ni ndiyo.

"Mimi, Baba," alisema. "Najua tangu mvua za mwaka jana."

"Na viungo vyangu?"

"Navirudia asubuhi."

Baba alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa najiuliza mbona nimekuwa hodari hivyo uzeeni." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Kwa sababu ungesema karakana imekwisha. Na ungenipeleka kwa watu wema, nikaishi vizuri, na hapa pakawekwa saruji. Baba, mimi sitaki. Yule bwana hana ubaya hata chembe, na jibu nitampa mwenyewe kwa adabu. Lakini mimi nataka meza hii. Nataka kila mwaka watu waje waungue vidole hapa. Sikuwa na njia ya kulisema bila kuutaja mkono wako, ndiyo maana nikanyamaza. Karibu niolewe kwa kunyamaza."

"Na huyu?" Shangazi alimwonyesha Twiga kwa kidevu.

"Huyu hayumo kwenye jibu," Cheche alisema. "Asingekuja, jibu lingekuwa hili hili. Labda ningechelewa kulipata."

Twiga aliinamisha kichwa, lakini Cheche aliona kwamba maneno yale hayakumuumiza. Yalimfurahisha. Mtu mwenye kiburi hutambua kiburi cha mwenzake, akakivulia kofia.

Cheche akasogea mezani. Baba akainua kidole, naye Cheche akaweka chake pale pale kabla taa haijalala.

"Lehemu," alimwambia Twiga. "Na ukiinua macho, nakupiga na koleo."

Hakuinua. Ilichukua muda wa kumeza mate mara moja. Alipogeuza bodi na kubonyeza swichi, nyota iliwaka yote, na muuguzi mstaafu akasema, "Alhamdulillahi, mgonjwa amezinduka," na watu wakapata ruhusa ya kucheka. Shangazi hakucheka. Aliokota vigae vya kikombe, na alipopita nyuma ya Twiga alimvuta sikio, kwa nguvu, kama mtoto.

"Marahaba," alisema.

Wageni walikuja alasiri kama walivyoahidi. Cheche alinawa mikono, akabadilisha nguo, akaketi kwenye vitambaa vilivyofuliwa, Shangazi upande wake. Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulisinyaa kidogo, kisha akasema afadhali mtu aambiwe ukweli akiwa bado anajua njia ya kurudi kwao. Cheche alimshukuru kwa neno hilo, na akalia kidogo, kwa sababu wema nao una uzito wake. Mzee wao alimaliza chai. Wakaagana mlangoni bila kinyongo.

Alipowasindikiza hakurudi sebuleni. Alizunguka kwa nje mpaka kwenye mlango wa karakana. Wanafunzi walikuwa wameondoka na nyota zao. Alikuwa amejipanga njiani kumwambia Twiga mambo mengi: kwamba hajasamehewa, kwamba akimtaka aende akalete wazee wake na aje kwa mlango wa mbele mchana kweupe, kwamba safari hii zamu ya kusubiri ni yake.

Lakini ndani kulikuwa na ugomvi.

"Hiki ni kiungo hiki?" Baba alikuwa akisema, mikono yote miwili juu ya meza, haikufichwa mahali. "Kinene kama kiazi. Huko hospitali mnalehemu mashine au mnazinenepesha?"

"Mzee, hicho kinabeba umeme mwingi."

"Kinabeba uvivu. Kitoe. Polepole, usiniunguzie bodi. Shusha kichwa uone unachofanya."

"Nimeshusha, Mzee."

"Shusha tena."

Redio iliyopona ilikuwa inaimba kwenye rafu. Moshi mwembamba wa utomvu ulipanda ukapita kwenye mwanga wa dirisha, ukamfikia mlangoni. Cheche alishika mwimo wa mlango. Maneno yake yote aliyoyapanga yangeweza kungoja. Hakuingia, hakukohoa, wala hakutaka wajue yupo. Aliwaacha wagombane.